Maji ya Wageni

Kakule Hilaire alinikasirisha siku ile ile tulipojuana, kwa sababu alikuja nyumbani kwangu Bwera kuniomba vyuma vibovu. Wala hakutaka kimoja. Alitaka springi zilizokatika, boliti zenye kutu, ngoma za breki zilizokwisha, misumari iliyopinda, kila takataka niliyoitupa nyuma ya nyumba tangu ninunue lori langu la Bedford. Nikamuuliza kama anafungua duka la kutu. Akacheka, akasema hapana, anataka kusafisha maji.

"Maji yasafishwe kwa kutu?"

"Ndiyo, ndugu Magidu. Na mifupa ya ngombe. Kama iko, unipatie nayo."

Nilimwambia mke wangu, Mariat, kwamba yule Mkongo jua limempiga utosini. Mariat akanijibu kwamba jua au si jua, nimpe, ua wake upate kupumua. Basi nikapakia takataka zangu kwenye lori na kumpelekea kwake Karambi, nikinung'unika njia nzima. Mimi ni mtu wa hasira, najijua, na ulimi wangu hutangulia akili. Nasema hayo mapema kwa sababu yamo katika kisa hiki.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Wilaya yetu ilikuwa changa, na ofisi zake kule Kasese zilikuwa bado zikinuka rangi. Hilaire alikuwa ametoka Butembo, akavuka mpaka mwaka wa sitini na nne kwa ajili ya vita vya kwao, yeye na mkewe Geneviève, wakapewa kipande cha shamba Karambi wakalima maharage. Kwao majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha pigwa marufuku, naye alipenda kusema kwamba amebaki Uganda ili aendelee kuitwa Hilaire. Kabla ya vita alifanya kazi miaka saba kusini mwa Kongo, kwenye mgodi wa jiwe liitwalo urani. Hakuwa mchimbaji. Kazi yake ilikuwa maji machafu ya mgodi na mapipa ya kuyasafishia.

Na hapo juu ya Karambi palikuwa na mgodi, au tuseme kaburi la mgodi. Kampuni moja ya wageni ilikuja kutafuta shaba, ikachimba shimo refu kuingia mlimani, ikakosa shaba ya kuitajirisha, ikaondoka. Iliacha shimo limejaa maji, kilima cha kifusi chenye vumbi la kimanjano, na chini yake kidogo ikaacha zawadi: kisima cha pampu. Wanawake wa Karambi waliibariki kampuni ile. Kabla ya pampu walikuwa wakipanda mwendo wa saa moja na nusu kwenye njia ya mawe mpaka kijito cha juu, wakarudi na mitungi kichwani. Sasa maji yalikuwa mlangoni.

Mlinzi wa pampu alikuwa mama mmoja mjane, Kabugho. Kampuni ilimkabidhi ufunguo wa mnyororo wa kufungia mpini, naye aliuvaa shingoni kama Wakatoliki wanavyovaa msalaba. Alifungua asubuhi, akafunga jioni, akawapanga wanawake foleni, akawagombeza wasichana waliomwaga. Nyumbani alikuwa akilea wajukuu watatu, mkubwa wao akiitwa Musoki. Hakuna mtu Karambi aliyeheshimiwa kuliko yeye, na alistahili.

Nilipomfikia Hilaire siku ile alikuwa amesimika mapipa matatu ya mafuta chini ya shimo, pale maji ya mgodi yalipokuwa yakichuruzika. La kwanza lilikuwa na mchanga na changarawe. La pili lilikuwa likingoja vyuma vyangu. La tatu lilijaa mifupa iliyochomwa na kutwangwa. Maji yaliingia huku, yakatokea kule.

"Maji yenyewe mbona safi?" nikamwuliza. Yalikuwa maangavu kabisa.

"Ile ndiyo mubaya yake," akasema. "Haionekane na macho. Haina harufu. Inaingia ku mafigo polepole. Kule kwetu muzungu alituonyesha: chuma inaishika, mifupa inaishika, inabaki ndani ya pipa. Kiisha unazika ile matope mbali na batu."

"Kwa hiyo tutakunywa haya yanayotoka?"

"Hapana! Hii si ya kunywa. Hii ni juu isiharibu mto wa bale ba chini. Ya kunywa, bapande kule juu, ku kijito. Na pompu ifungwe. Pompu inavuta maji ya hili shimo, ndugu. Batoto banakunywa kila siku."

Nilimwona mtu mwenye hofu ya kweli, na bado sikumwamini. Wengine hawakumwamini hata kidogo. Alisema baada ya misa, alisema sokoni, alisema kwa Kabugho mwenyewe, na watu wakaamua kwamba Mkongo anautamani ule ufunguo. Kabugho peke yake hakumtukana. Alimsikiliza, akamwambia maji ya pampu yana ladha ya chuma, hilo hata yeye analijua, lakini ladha si sumu. Kisha akampa Geneviève kikapu cha viazi.

Mwishowe maneno yalifika kwa chifu wa gombolola, yaani tarafa yetu. Alikuwa mtu wa amri fupi fupi, alizozipata jeshini. Akatuita wote uwanjani.

"Wewe Hilaire, unatisha watu yangu," akasema. "Sasa tunapima. Chupa inakwenda Entebbe kwa wataalamu. Kama iko sumu, nafunga pompu. Kama hakuna, wewe na bibi yako mnarudi kwenu. Mnapewa wiki moja. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na wewe hapana gusa chupa ya pompu. Kabugho atajaza. Sitaki mchezo."

Hilaire akakubali palepale. Geneviève alikuwa amesimama nyuma yake, naye akaushika mkono wa shati lake. Kule kwao hawakuwa na nyumba tena, wala shamba, wala mtu wa kuwapokea. Yote waliyokuwa nayo duniani yakawekwa juu ya chupa moja ya maji.

Afisa wa maji wa Kasese, kijana aliyeitwa Bwana Thembo, hakuwa na petroli ya kupanda mpaka kwetu mwezi ule. Akanipa mimi chupa mbili za kioo zenye vizibo, zimefungwa nyuzi shingoni. Uzi mwekundu, maji ya pampu. Uzi mweusi, maji yanayotoka kwenye mapipa ya Hilaire. Zijazwe mpaka juu, nizirudishe kesho yake asubuhi ziwahi treni ya Kampala. Nikamweleza Kabugho hivyo hivyo, taratibu, mara mbili, naye akayarudia maneno yangu bila kukosea.

Kesho yake nilifika Karambi jua likichomoza. Hilaire alikuwa tayari na chupa yake. Kabugho hakuwepo kwenye pampu. Ningoje, ningoje, hayupo. Injini inanguruma, petroli ya magendo inaungua. Mara namwona anateremka kutoka mlimani, kitenge kimelowa mpaka magotini, jani la gugu la mtoni limemnasa kwenye kilemba, chupa ameikumbatia kifuani imefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa akihema.

"Mama, wewe unataka treni iniache?" nikamfokea. "Pampu iko hapa, wewe unatembea milimani!"

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Chukua pole pole. Usivunje."

Ningemwuliza swali moja tu, ametoka wapi, na kisa hiki kingeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshapandisha hasira, na mtu aliyepandisha haulizi. Niliinyakua chupa nikaondoka.

Karibu na Kikorongo askari walikuwa wameweka kizuizi. Mmoja akapanda kwenye lori akaziona chupa.

"Nini hii? Waragi?"

"Si pombe, afande. Ni maji."

"Maji gani inafungwa na uzi? Unadanganya nani?"

Akazibua ile ya juu, ya uzi mwekundu, akanusa, akapiga funda moja. Akasimama akitafakari. Akapiga la pili.

"Kweli maji," akasema. "Maji tamu. Baridi. Haya, pita."

Mimi nilikuwa nimekunywa maji ya pampu ya Karambi mara nyingi nikipita na lori, nayajua yanavyomwachia mtu ladha ya senti mdomoni. Hakuna mtu aliyewahi kuyaita matamu. Lakini bunduki ilikuwa usawa wa tumbo langu, nikafurahi kupita, nikapita.

Majibu yalichukua wiki tano. Chifu alituita tena uwanjani, akamwambia karani asome. Chupa ya uzi mwekundu: maji safi, yanafaa kunywa, urani haikuonekana. Chupa ya uzi mweusi: maji yana kutu nyingi, hayafai kunywa, urani haikuonekana.

Watu walicheka. Nami nilicheka, sitaficha. Mkongo kachukua maji mazuri ya Mungu kayatia kutu za breki za Magidu! Hilaire hakucheka wala hakujitetea. Alimwomba karani amsomee tena, kisha akaomba mara ya tatu, uso wake ukawa kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango si wake. Leo najua alichokuwa akikisikia. Mapipa yake yalikuwa yamefanya kazi barabara. Yaliing'oa sumu yote, na kule kufaulu kwake ndiko kulikogeuzwa ushahidi kwamba sumu haikuwahi kuwepo.

"Wiki moja," chifu akasema.

Kazi ya kuwahamisha nilipewa mimi, kwa kuwa lori lilikuwa langu. Nilifika siku ya saba. Geneviève alikuwa amefunga vitu vyote kwenye shuka mbili, na picha ya Bikira Maria ameishika mkononi. Maharage yalikuwa yametoa maua shambani. Hilaire alikuwa kwenye mapipa yake, anabadilisha mifupa.

"Unafanya nini sasa?" nikamwambia. "Umefukuzwa, bado unawatwangia mifupa?"

"Ile ya zamani imeshiba," akasema. "Kama siibadilishe leo, nani ataibadilisha?"

Hapo roho yangu ikalegea. Nilijiona mtu mdogo kabisa, na vicheko vyangu vyote vikanikwama. Nikamsaidia kumwaga mifupa ya zamani kwenye shimo alilochimba mbali na njia, tukaifukia, tukatembea kurudi kwenye lori.

Kabugho alikuwa akitungoja hapo. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini. Mkononi alikuwa na chupa ya kioo, imefungwa kwenye jani la mgomba. Akampa Geneviève kwa mikono miwili.

"Hii ya njia," akasema. "Nasikia vibaya sana mnakwenda. Mimi nilipenda nyinyi. Nimepanda asubuhi, mbele ya mtu kukanyaga. Hii si maji ya pompu. Ni maji ya mugeni, ile ya juu. Kama ile nilipelekea wazee ya Entebbe."

Niliiangalia chupa, nikakiangalia kitenge chake kilicholowa, na ile asubuhi nyingine yote ikanirudia, jani la gugu kwenye kilemba, askari na maji yake matamu.

"Mama," nikasema, "chupa ya uzi mwekundu uliijaza wapi?"

"Juu. Kwa kijito."

"Nilikwambia pampu!"

"Ulisema, nilisikia." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyejua adabu. "Wewe Magidu, watu wakubwa naomba maji kwako, wewe napa ile ya kuonja chuma? Watasema Karambi ni watu gani? Mama yangu alinifundisha: ya mugeni inatoka juu. Hata kama mguu inauma."

Hiyo ndiyo desturi ya nyumba zile za mlimani, na mimi nilikuwa nimenufaika nayo miaka yote. Kila nilipokaribishwa Karambi niliwekewa kata ya maji ya baridi kutoka kijitoni, wakati wenyeji wakinywa ya pampu. Mwanamke yule alikuwa amepanda mlima gizagiza, na magoti yake yale, ili Entebbe ipate maji ya heshima.

Nilipayuka. Nilimwambia amewafukuza watu wasio na kosa kwa adabu zake. Hilaire akaniwekea mkono begani.

"Tulia, ndugu. Mama, kuja tukae." Akamkalisha kwenye jiwe, akamweleza polepole, kwa Lukonzo, lugha wanayoelewana huku na huku ya mpaka: kwamba Entebbe hawakuwa wageni wa kunywa, bali waganga wa kuangalia ugonjwa, na mganga haonyeshwi mguu mzima. Nilimwona Kabugho akielewa. Mkono wake ukapanda shingoni ukaushika ufunguo.

Akainuka. "Twende kwa chifu," akasema.

Nilidhani atamwachia Hilaire aseme. Hapana. Alisimama mwenyewe mbele ya meza ya chifu, karani akiandika, askari wawili wa gombolola mlangoni, akasema kila kitu. Chifu akapiga meza.

"Wewe mama nadanganya serikali? Unajua naweza kufunga wewe?"

"Funga," Kabugho akasema. "Lakini kwanza fungua hawa watu."

Akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza. Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kuiona shingo yake bila ule ufunguo. Chifu aliutazama, hasira ikamtoka kidogo kidogo, maana hata yeye alikuwa amekunywa maji ya kijito nyumbani kwa Kabugho. Akaandika barua kwa Bwana Thembo aje mwenyewe, na petroli nikaitoa mimi. Hilaire akafungua shuka zake kwa muda.

Bwana Thembo alipokuja, alimwambia Kabugho ajaze chupa ya pampu mbele ya watu wote. Kabugho aliijaza maji yale, akaifunga, akamkabidhi kijana yule huku akiangalia chini, kama mtu anayempa mgeni makombo. Safari hii chupa zilikwenda kwenye sanduku lililopigwa muhuri.

Majibu yalikuja baada ya mwezi. Maji ya pampu yalikuwa na urani, tena nyingi, mara kadhaa ya kile wataalamu walichokuwa wakikiogopa. Maji ya mapipa hayakuwa nayo. Pampu ikang'olewa mpini. Serikali ilileta saruji na udongo wa mfinyanzi wa kufunikia kile kilima cha vumbi, na Hilaire akaajiriwa kusimamia mapipa, ambayo sasa yalikuwa kumi na mawili. Nilimpelekea vyuma kutoka karakana ya reli Kasese, bila kunung'unika, na mtu aliyeniita mnunuzi wa kutu nilimwacha acheke. Wanawake walirudi kwenye njia ya mawe. Wengine walilalamika, na nawaelewa, ule mlima hauna huruma.

Siku majibu yaliposomwa, Kabugho hakupiga kelele wala hakulia. Alingoja watu watawanyike, akamfuata Hilaire.

"Hilaire, pompu ilikuwa hapa miaka ngapi?"

"Saba, mama."

"Musoki iko na miaka nane." Akahesabu kwa vidole, akaviacha hewani. "Maji nzuri napelekea wageni. Kila mugeni. Magidu huyu, nampa. Padri, nampa. Chifu, nampa. Na watoto yangu nawapa ya pompu, nasema wao ni wa nyumbani, watavumilia."

Hilaire akasema watoto wapelekwe hospitali. Mimi nikaenda kuwasha lori.

Tuliwapeleka wajukuu watatu hospitali kwa lori langu. Daktari akapima mikojo yao, akasema figo za Musoki zimechoka, za wadogo zake haoni tatizo. Akasema figo za mtoto zinaweza kujirudia zikiachwa zipumzike, wanywe maji safi, tumrudishe Musoki kila baada ya miezi mitatu. Hakuahidi zaidi ya hapo. Kabugho akauliza maji safi kiasi gani. Daktari akasema kiasi atakachotaka mtoto.

Baada ya hapo sikupita kwake kwa muda. Nilikuwa naona haya. Nilipokwenda ilikuwa mchana wa jua kali, nimetoka kushusha vyuma, koo limekauka, vumbi mpaka kwenye kope. Akanikaribisha kwa furaha ile ile ya zamani, akanipa kigoda. Mtungi wa kijitoni ulikuwa pembeni, umefunikwa kwa jani, na kata juu yake. Nikaona anachota, nikajiweka sawa kupokea kwa mikono miwili.

Alinipita. Akaita, "Musoki!" Mtoto akaja mbio, akanywa kata nzima, akaongezwa. Wakaja wadogo zake wawili, mmoja baada ya mwingine, naye akawashikia kata wakanywa mpaka wakasema basi. Hakuna hata mmoja aliyeharakishwa. Ndipo akanigeukia, uso wake haukuomba radhi.

"Sasa mugeni," akasema.

Nilipokea. Yalikuwa yamebaki ya chini, na uvuguvugu kidogo, na nilikuwa na kiu kweli kweli. Nikamwambia asante mama, nikayanywa yote.